Kikwembe chetu

Kule Fizi nguo hii tuliiita kikwembe. Hapa Kigoma wenyeji wanasema kitenge, na watoto wetu nao wameshashika hilo. Wazee wananung'unika eti mila inapotea. Lakini jamani, mtindo wenyewe ulianzia Java, kwa mafundi waliochora kitambaa kwa nta. Karne ya 19 Waholanzi wakauiga kwa mashine, wakatuletea Afrika. Halafu miaka ya 1970 Mobutu akawakataza wanaume suti na tai, wanawake suruali. Kikwembe ndicho kikawa vazi la asili!

Sisi tulikimbia navyo, tukabebea watoto, tukafunikia wagonjwa. Vingine tuliviuza tupate chumvi. Cha harusi tulikataa kukiuza. Juzi binti yetu amekiomba, ashone gauni la mtindo wa hapa. Tulinyamaza kwanza, kisha tukampa.