Volti za betri, tangu enzi za katauti

Nilijifunzia umeme wa magari katika gereji moja mjini Tanga, enzi ambazo Land Rover za dainamo zilikuwa bado zinapanda Lushoto. Mzee aliyenifundisha alikuwa akifungua mfuniko wa katauti, swichi iliyounganisha dainamo na betri, anasugua pointi kwa msasa laini, kisha anazungusha skrubu kidogo kidogo huku jicho liko kwenye mita. Dainamo haikuchaji vizuri mpaka ukanyage mafuta. Gari likiwa sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu, taa zilififia na betri ikaanza kuliwa. Ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa njaa: pleti zinaota weupe wa salfeti, na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, haifiki 1.265 hata uchaji usiku kucha.

Altaneta zikaja kuchukua nafasi ya dainamo. Land Rover Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuwa nayo, na kwetu mambo yakageuka. Gari lilichaji hata likiwa sailensa, na betri zikaanza kufa kwa kuzidishiwa. Regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ikiharibika, maji yanachemka, ubavu wa betri unavimba, gereji nzima inanuka mayai viza. Hapo ndipo mzee alipotukataza kabisa kubahatisha.

Betri ina vyumba 6, kila kimoja volti 2.1 hivi, ikijaa na kupumzika husoma 12.6. Injini ikiwaka, ipate kati ya 13.8 na 14.4. Na hesabu hiyo ni ya joto la nyuzi 25. Joto likizidi hapo, volti zipungue, takriban 0.02 kwa kila nyuzi. Ndiyo maana chaji inayolifaa gari lililolala kwenye baridi ya Lushoto huikausha maji betri ya basi linaloshinda juani Tanga. Inaniuma kwamba mafundi wengi wa pwani hawafundishwi jambo hili.

Siku hizi skrubu hakuna. Regyuleta imo ndani ya altaneta, na katika magari mengi mapya kompyuta ndiyo inayopandisha na kushusha volti kadiri inavyoona. Fundi anasoma 12.8 mara moja, anaihukumu altaneta nzima, na mwenye gari analipa bure.

Wengine bado wanang'oa waya wa betri injini ikiwaka, ati wanapima chaji. Kwenye dainamo mtindo huo ulivumilika. Kwenye altaneta, volti huruka ghafla zikaunguza dayodi na hata kompyuta. Ndugu msomaji, fundi akitaka kukufanyia hivyo, mkatalie. Mwambie alete mita, awashe taa, apime injini ikiwaka, kisha arudie baada ya dakika chache.