Siku Nne Juu ya Pikipiki Milimani

Pikipiki, msomaji, ni chombo kinachodharauliwa na wengi wa wale wanaokitumia kila siku. Katika nchi yetu imekuwa ndiyo miguu ya mtu asiye na gari. Hubeba mgonjwa usiku wa manane, hubeba magunia ya mahindi, hubeba hata jeneza, na asubuhi hubeba watoto wanne wa shule juu ya kiti kilichoshonwa kwa watu wawili. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka mpaka hata mpaka, zamani kabla ya pikipiki kushika mahali pa baiskeli. Tangu mwaka 2008, serikali ilipopunguza kodi juu ya pikipiki ndogo, zimeenea hata vijiji ambavyo havijapata kuona basi.

Miaka kumi na miwili nimefundisha hesabu na fizikia, na sikumbuki darasa hata moja lisilotoa wapanda pikipiki. Nitawataja wawili tu, bila majina. Mmoja amejenga nyumba ya mabati kwa kazi hiyo na sasa anamlipia dada yake karo. Wa pili alikufa akiteremka kilima kifupi karibu na shule yetu, jioni ya mvua, akiwa na umri wa miaka 19. Mazikoni wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakailaani pikipiki kana kwamba ni nyoka. Nilisikiliza. Kijana yule alikuwa amepata alama nzuri kwangu katika somo la msuguano, nami nilikuwa sijapata kushika usukani wa pikipiki hata siku moja. Sikutaka kuilaani, nilitaka kuijua.

Nikajifunza muda wa mwaka mzima, nikapata leseni, na likizo ya Agosti mwaka 2025 nikatoa akiba ya miezi minane nikajiandikisha katika safari ya siku nne yenye kiongozi. Njia yetu ilikuwa kutoka Iten hata bonde la Kerio, kutoka bondeni kupanda milima ya Cherangani, kisha kushuka hata Kapenguria. Mke wangu aliuliza kwa nini mtu alipe fedha ili atishwe. Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ni refu kidogo; ndiyo sababu naliandika hapa.

Tulikuwa watu watano: muuguzi mmoja mwanamke wa Kakamega, mfanyabiashara wa nafaka wa Nakuru, mume na mke kutoka Uholanzi, na mimi. Kiongozi wetu alikuwa Mmarakwet apataye miaka 55, mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Sote tulimwita Mzee. Kabla ya kuondoka alizunguka kila pikipiki akivuta cheni kwa kidole, akibonyeza tairi, akisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Kisha akatupa sheria mbili tu. Ya kwanza, mtu ye yote asimpite. Ya pili, kila mtu ni mlinzi wa yule aliye nyuma yake: kila penye kona au njia panda utasimama hata umwone wa nyuma, ndipo uendelee, usipomwona, usiende. Fikiri kidogo, msomaji, uione akili ya sheria hiyo. Wa mwisho akianguka, wa nne atasimama. Wa nne akisimama, wa tatu naye atasimama. Hivyo habari itapanda hata kwa kiongozi bila simu na bila kelele.

Iten uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, nao unajulikana ulimwenguni kwa wakimbiaji wake. Ukingoni mwa mji ardhi hukatika ghafula. Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako, na ng'ambo yake milima ya Tugen imelala kama ng'ombe waliopumzika. Huu ni ukuta wa Bonde la Ufa, uliofanyika ardhi ilipopasuka na sehemu ya katikati kudidimia, kazi ya mamilioni ya miaka. Katika milima ile ya Tugen, mwaka 2000, wataalamu walifukua mifupa ya kiumbe waliyempa jina la Orrorin tugenensis, aliyeishi yapata miaka milioni sita iliyopita, na ambaye wengi wao husema alitembea kwa miguu miwili. Tulikunywa chai tukiitazama milima hiyo, kisha tukaanza kushuka kwa njia ya Tambach, mahali penye chuo cha ualimu. Mimi nilifundishwa kazi yangu katika chuo kingine, lakini nilipiga honi kwa heshima.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo nililokuwa nikilifundisha. Kitu kilicho juu kina nguvu ndani yake, na kikishuka lazima nguvu hiyo iende mahali. Chukua pikipiki na mpandaji wake, kilo 200 pamoja. Wakishuka mita 1,000 kwa mwendo usiozidi, nguvu inayotoka yageuka kuwa joto liwezalo kuchemsha karibu lita sita za maji ya kisima. Mtu anayeshuka mlima kwa kukanyaga breki tu analimimina karibu joto hilo lote katika vipande viwili vya chuma visivyozidi ukubwa wa sahani. Breki iliyopata joto kupita kiasi hulegea. Mpandaji hukanyaga, nayo haishiki. Dawa yake ni gia. Ukiteremka katika gia ndogo huku umeachia mafuta, injini yenyewe huyazuia magurudumu, na breki hubaki baridi kwa saa ya haja. Mzee hakuwa na hesabu hizi. Alisema tu, "Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia." Nimeandika ubaoni mara nyingi, wala sijapata kuandika sentensi yenye fizikia nyingi hivyo katika maneno machache.

Joto nalo lilibadilika. Kila mita 1,000 hewa hubadilika kwa nyuzi sita au saba. Iten tulivaa makoti, daraja la mto Kerio tulitweta. Tulilala Kabarnet, mji mzuri ambao sina neno zaidi juu yake, kwani nililala saa mbili usiku nikiwa na mikono inayotetemeka.

Siku ya pili tulirudi bondeni tukaelekea kaskazini, ukuta wa milima mkono wa kushoto. Mzee hakuwasha pikipiki yake asubuhi ile kabla ya kupiga simu tatu, kwa watu wa vituo vitatu vya mbele. Wewe umesikia habari za bonde hilo: wizi wa mifugo kwa bunduki umewaua watu wengi, na mwezi wa Februari mwaka 2023 serikali ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti za huko. Tulipopita palikuwa na amani. Walakini niliona namna mwenyeji asivyoichukua amani kama kitu cha kudumu. Huiulizia kila asubuhi kama mkulima auliziavyo mvua.

Pale chini nchi ni kavu, migunga na vumbi jekundu, mizinga ya nyuki imetundikwa matawini. Mara unaingia kijani: miembe, ndizi, mtama, mahindi. Kijani hicho hakikuletwa na mvua ya bondeni. Mamia ya miaka iliyopita Wamarakwet walichimba mifereji kutoka mito ya mlimani, wakaipitisha ukutani mwa majabali, mahali pengine juu ya magogo na mawe yaliyopangwa kwa mkono, hata maji yakafika mashambani. Kila mfereji una ukoo wake, na kila ukoo una zamu zake za maji. Mzee alituonyesha ule wa ukoo wake, akapiga magoti akatoa jiwe lililoziba, akafuta mikono, tukaendelea. Mholanzi, ambaye nchi yake imejengwa kwa elimu ya maji, alibaki nyuma akiutazama mfereji ule hata mkewe akamwita mara mbili.

Alasiri tulifika kwenye mto usio na daraja. Mbingu juu yetu zilikuwa nyeupe, hakuna hata tone, lakini maji yalikuwa ya rangi ya kahawa na yamefurika. Mvua ilikuwa imenyesha juu Cherangani, nasi tulipokea barua yake. Vijana wa pale walikuwa wakivusha pikipiki kwa malipo, wanne wanne, wakiishika pande zote maji yakiwafika kiunoni. Mzee alishuka, akasimika jiwe ukingoni, akangoja. Jiwe likafunikwa.

"Mzee, vijana wale wamevuka sasa hivi," mfanyabiashara alisema.

"Wamevuka, bwana. Nimewaona."

"Basi?"

"Wao wamezaliwa hapa, na kila mmoja amebeba nafsi yake. Mimi nimebeba watu watano. Tena sikiliza chini ya maji. Hayo unayosikia yakigonga ni mawe, yanatembea."

Tukasikiliza. Ilikuwa kweli, mto ulisaga meno. Walakini mfanyabiashara hakuridhika. Alikuwa amelipa siku nne, na kulala hapo kulimaanisha kupoteza sehemu ya safari iliyotupeleka hata Marich, ambako njia ya Lodwar hupenya kati ya milima. Alisema maneno makali, na baadhi yake yalikuwa ya haki, kwa maana fedha zake hakuziokota. Mzee akamjibu bila kuinua sauti: "Fedha zako nitakurudishia. Wewe, maji yakikuchukua, sitaweza kukurudisha kwa mama watoto."

Tukalala katika chumba cha duka, watu sita juu ya magunia. Mama mwenye duka alitupikia ugali na maziwa lala, akakataa kupokea zaidi ya bei ya unga. Usiku Mzee alizungumza kuliko siku zote. Alitueleza kwamba wageni huogopa bunduki, lakini yeye huogopa udongo zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 maporomoko yaliua watu zaidi ya 40 katika Pokot Magharibi, na Aprili mwaka 2020 mafuriko na udongo viliifagia Chesegon, mpakani mwa Pokot na Marakwet. Mlima ulio wima hivyo, miti ikipungua na mvua ikizidi, hulegea kutoka ndani. "Mto hukuonya," alisema, "lakini mlima hauna adabu hiyo." Mfanyabiashara alikuwa amegeukia ukuta, ila hakuwa amelala, kwani aliuliza ni saa ngapi Chesegon ilipopigwa.

Kulipopambazuka jiwe lilikuwa kavu, na maji yamerudi magotini. Tulivuka kwa nusu saa.

Kupanda kutoka bondeni hata Chesoi ndiko kulikokuwa kiini cha safari. Njia imekunjwa kama kiwiko, mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, mawe yamelegea, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Mzee alitufundisha kusimama juu ya vikanyagio ili pikipiki icheze chini yetu, na kutazama tunakotaka kwenda, kamwe tusitazame shimo. Mkono hufuata jicho. Muuguzi alianguka katika kona moja. Mara nikamwona wa mbele yangu amesimama, na wa mbele yake, na Mzee tayari anashuka kwa miguu. Sheria ya pili ilikuwa imefanya kazi yake kabla vumbi halijatua. Muuguzi aliinuka, akajikagua mwenyewe mfupa kwa mfupa kama amkaguavyo mgonjwa, akaomba maji, akapanda tena.

Juu ni nchi nyingine: ukungu, mierezi, mianzi, kondoo wenye manyoya mazito. Tulipita kando ya msitu wa Embobut, ambamo Wasengwer wengi waliondolewa mwaka 2014 na nyumba zao zikachomwa kwa jina la kuulinda msitu. Msitu ni chemchemi ya mito ile niliyoieleza, na lazima ulindwe. Lakini kuchoma nyumba ya mtu ni njia ngeni ya kupanda miti. Siku ya nne tulipita Kapsait, karibu mita 3,000 juu, ambako hewa ni kama sehemu saba katika kumi ya ile ya Mombasa. Pikipiki zilikohoa na kupoteza nguvu, na maharagwe tuliyoagiza asubuhi hayakuiva, kwani kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Wanafunzi wangu hunicheka ninapowaambia kwamba nilifurahi kula maharagwe magumu.

Tulifika Kapenguria jioni, mji ambao Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa mwezi wa Aprili mwaka 1953. Marich hatukuiona. Mfanyabiashara alihesabiwa fedha za siku iliyopunguka, akazitazama, akamrudishia Mzee zote, wala hakusema neno.

Miezi mitatu haikutimia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba mwaka 2025 mlima uliporomoka Chesongoch, chini ya njia ile tuliyoipanda, ukaua watu zaidi ya 20 wakiwa vitandani. Nilipiga simu ya Mzee siku nzima bila kupata. Siku ya pili alijibu. Watu wa nyumba yake walikuwa wazima. Mfereji wa ukoo ulikuwa umefukiwa. Yeye na vijana wake walikuwa wakibeba maji na blanketi kwa pikipiki, hata mahali ambapo magari yalishindwa. Nilitaka kuuliza mengi, lakini akaniambia, "Mwalimu, nitakupigia. Nimesimama penye kona, na wa nyuma yangu sijamwona."