Rangi ya Cheche

"Moto upo?" mjomba aliuliza.

Mafundi hawasemi cheche. Plagi ama ina moto ama haina. Ilikuwa asubuhi ya Idi Mosi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao Mombasa nzima inauita Pirates. Jetiski ilikuwa juu ya trela chini ya mvinje. Kiti kilikuwa kimetolewa ili mvuke wa petroli utoke, na matundu ya plagi tulikuwa tumeyaziba kwa matambara. Plagi zote mbili nilizilaza juu ya chuma cha injini, kila moja kwenye waya wake. Mjomba akabonyeza stata. Injini ikazunguka, jua likaruka kutoka kwenye maji likanipiga machoni, na nikasikia tik, tik, tik.

"Upo," nikasema.

Nilikuwa nimesikia. Kuona, sikuona.

Jetiski yenyewe ni moja tu, ya zamani, silinda mbili, ya aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mjomba huikodisha kwa dakika. Idi na Desemba ndizo zinazolisha miezi ya kusi, bahari inapochafuka na watu kuukimbia ufuo. Kwa hiyo neno langu lile lilikuwa na bei. Kama moto upo, na injini inazunguka lakini haiwaki, fundi yeyote atahamia kwenye mafuta, nasi tukahamia. Tukamwaga petroli tukaweka mpya. Tukafungua kabureta mbili, tukazisafisha, tukazipuliza, tukazifunga. Adhuhuri ilitukuta tunanuka petroli hadi viwikoni, ufuo umejaa kanzu mpya na magauni ya Idi, na vijana wanapita kila baada ya dakika tano kuuliza, "Mzee, tayari?" Mjomba aliwajibu "bado kidogo" hadi alasiri. Baada ya hapo akaacha kuwajibu.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Nasomea uzamili wa fizikia. Naweza kukuandikia ubaoni kwa nini plagi inayotoa cheche nje ya injini inaweza kushindwa ndani yake: kwenye silinda hewa imeshindiliwa, na kadiri inavyobanana ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi zaidi kuvuka nafasi ile ile. Nje, cheche dhaifu hujikokota ikavuka. Ndani inakufa. Ndiyo maana fundi makini haulizi tu kama moto upo, anauliza na rangi. Cheche nene ya buluu, yenye mlio mkavu, ina nguvu. Nyembamba ya manjano au ya machungwa ni ya kutiliwa shaka. Na rangi haitazamwi juani. Unavua shati, unajifunika pamoja na plagi, unajitengenezea giza lako. Aliyenifundisha hayo si mhadhiri, ni mjomba, nikiwa darasa la saba na kazi yangu ni kushika tochi.

Asubuhi ile sikuvua shati kwa sababu lilikuwa la Idi.

Baada ya Magharibi mjomba akasema turudi mwanzo. Safari hii plagi aliishika yeye, kwa koleo lenye mpini wa mpira, akaigusisha na chuma, uso wake kama shibiri moja kutoka hapo. Mimi nikabonyeza stata. Giza lilikuwa limeanza kutanda, na nikaiona wazi: uzi mwembamba wa rangi ya machungwa, unaruka na kukosa, unaruka na kukosa.

"Rangi gani?" akauliza.

Nilidhani nimemsikia vibaya. Ilikuwa mbele ya pua yake.

"Mjomba, huioni?"

Akaliweka koleo chini, akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Mtoto wa jicho," akasema. "Yote mawili, la kushoto zaidi. Kila taa naiona ina manyoya. Daktari asema wakiondoa nitaona. Nikamwambia baada ya Idi, nikishika pesa." Kisha, "Usimwambie mamako."

Sikusema kitu. Nilikuwa nikihesabu dakika za siku nzima.

Tukaanza na vya rahisi. Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia, na haikushuka chini ya 10 stata ilipozunguka, kwa hiyo si betri. Tukaweka plagi mpya, cheche ile ile. Nikachomoa kofia za plagi, nikakuta ncha za waya zimeshika kutu ya kijani. Nikakata kama sentimita moja kila upande hadi shaba safi. Afadhali kidogo, lakini bado machungwa, na kwenye silinda zote mbili sawasawa. Zikiumwa pamoja, ugonjwa uko mahali zinapokutana.

"Waya wa kuzimia," mjomba akasema kabla sijafungua mdomo.

Waya huo unatoka kwenye swichi ya usukani, ile yenye kamba ambayo dereva huivaa mkononi. Akianguka, kamba inachomoka, swichi inaupeleka umeme wa plagi kwenye chuma, injini inakata. Chumvi ikiingia ndani ya swichi hujenga kijia chake, na umeme ukavuja hapo hata kamba ikiwa mahali pake. Swichi yetu ilikuwa ikiizima injini nusunusu, muda wote. Nikauchomoa waya, nikapiga stata.

Mlio ndio uliobadilika kwanza: tak, tak, tak.

"Buluu," nikasema.

Kijana mmoja aliyekuwa akitutazama akachangamka. "Basi iacheni hivyo hivyo mzee. Kesho Idi Pili, watu watakuwa kibao."

Mjomba hata hakugeuka. "Na aliyevaa kamba akianguka? Iendelee yenyewe, na maji yamejaa watoto?"

Swichi mpya isingepatikana hadi maduka yafunguliwe. Tulipoifungua ile ya zamani, springi yake ilikuwa imeliwa ikabaki unga. Idi Pili nayo ikawa imekwenda.

Nikamwambia kuhusu asubuhi. Kwamba sikuona kitu, nilisikia tu, na nikasema upo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Vibandani walikuwa wanafunga.

"Nilijua hukujifunika," akasema. "Shati lenyewe zuri, lakini."

Kisha akanipa koleo. "Ya pili hujaitazama. Itazame, uniambie."

Nikavua shati, ingawa giza lilikuwa limeshaingia.