Nilimfunga Wifi Yangu kwa Kitabu

Mimi ni mpenzi wa vitabu vya maisha ya watu wakubwa, hasa vinavyoeleza mke na mume. Wenzangu wakichukua riwaya, mimi natafuta nani alimwoa nani, walionana wapi, wakwe walisemaje. Kurasa za picha ndizo ninazoanza nazo. Ukiniambia kwamba huo ni udaku wenye jalada gumu, sitabisha, wala sioni haya. Haya yangu ni ya jambo jingine, nalo linamhusu mke wa kaka yangu.

Kaka alikuwa Muscat, dereva wa malori. Aliondoka kwa mkataba wa miaka miwili, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mkewe alibaki Tanga na watoto, katika nyumba yetu ya urithi, pamoja na mama yetu ambaye kiharusi kilimpoozesha upande mmoja. Siku wifi aliponiambia kwamba amechoka, anataka arudi kwao na apewe talaka yake, sikumuuliza amechoshwa na nini. Nilimhadithia habari za Winnie Mandela.

Na nilizihadithia vizuri, maana nilizijua. Nilianzia kwenye harusi ya Juni 1958 kule Bizana. Bwana harusi, Mandela, alikuwa na kesi ya uhaini, amezuiwa kutoka Johannesburg, na serikali ilimpa ruhusa ya siku sita tu kwenda kuoa. Kwa mila yao sherehe ilitakiwa ifanyike kwa kina mke, kisha kwa kina mume, na sehemu ya keki ikatengwa kwa ajili ya safari hiyo ya pili. Siku zikaisha kabla hawajafika. Winnie akaihifadhi keki ile, akitumaini kwamba siku moja watakwenda. Wifi alikuwa anamenya muhogo. Nilipofika kwenye keki, kisu kilisimama, nikajua nimemnasa.

Nikaendelea. Agosti 1962 mume akakamatwa. Katika miaka ya mwanzo gerezani kisiwani Robben aliruhusiwa kutembelewa na mtu mmoja kila miezi sita, kwa nusu saa, kioo katikati, na askari kasimama anasikiliza. Kixhosa, lugha yao ya nyumbani, kilikuwa marufuku. Barua nayo moja kwa miezi sita, isizidi maneno 500. Watoto hawakuruhusiwa kumwona baba yao mpaka wafike miaka 16. Ilipofika Mei 1984, katika gereza la Pollsmoor, ndipo wale wawili walipokumbatiana kwa mara ya kwanza baada ya miaka 21.

“Na wewe wifi,” nikamwambia, “mumeo anakupigia simu ya video kila Ijumaa.”

Nikamalizia na picha ya tarehe 11 Februari 1990, ile ambayo kila mtu anaijua: wametoka gereza la Victor Verster, wameshikana mikono, ngumi juu. Hapo nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa makusudi. Kilichofuata nilikijua, na nani hakijui? Aprili 1992 Mandela aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba wametengana. Machi 1996 alisimama mahakamani akidai talaka, akaeleza kwamba tangu atoke kifungoni mkewe hakuwahi kuingia chumbani kwao yeye akiwa macho. Yote hayo niliyafunika, kama muuza samaki anavyomlaza samaki kwa ule ubavu ulioharibika.

Na si mwisho peke yake. Hata hiyo miaka ya katikati niliyoiita “kusubiri” nilikuwa nimeichuja. Winnie hakukaa barazani akihesabu siku. Alikuwa mwanasiasa, na kwa ajili hiyo alikamatwa usiku wa Mei 1969, watoto wake wawili wakimwona anachukuliwa, akawekwa kizuizini siku 491, nyingi katika hizo akiwa peke yake. Mwaka 1977 alihamishwa kwa nguvu akatupwa Brandfort, mji ambako hakumjua mtu, katika nyumba isiyo na maji wala umeme. Aliporudi Soweto alirudi na hasira zilizomtisha hata jirani. Mwaka 1991 mahakama ilimtia hatiani kwa kuteka vijana, katika kisa ambacho mtoto wa miaka 14, Stompie Seipei, aliuawa. Baba yake Winnie, tena, alikuwa amemwonya siku ile ile ya harusi kwamba anaolewa na mwanamume ambaye tayari ameoa mapambano. Wifi yangu hakuonywa na mtu. Aliolewa na dereva wa daladala aliyekuwa akirudi nyumbani kila jioni.

Akaniomba kitabu. Ndicho nilichokuwa nacho siku hizo, Long Walk to Freedom, maisha ya Mandela kwa maneno yake mwenyewe, toleo la 1994. Nikampa kwa furaha. Wifi alimaliza kidato cha sita, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, na usiku alikuwa macho hata hivyo kwa sababu mama alihitaji kugeuzwa. Niliporudi Tanga nilikuta amechomeka njiti ya kiberiti mahali ambapo sikuwahi kupasoma kwa makini.

“Huyu Evelyn mbona hukunitajia?”

Evelyn Mase ndiye mke wa kwanza. Walioana mwaka 1944. Alikuwa muuguzi, na mshahara wake ulisaidia kuiendesha nyumba wakati mume anasomea sheria. Mimi kurasa zake nilizipitia haraka ili nifike kwa Winnie. Wifi aliniwekea kidole mahali ambapo mtoto wao wa kwanza, Thembi, akiwa na miaka mitano, anamuuliza mama yake baba anaishi wapi. Akanigeuzia tena mahali Mandela anaporudi kwa dhamana baada ya kukamatwa Desemba 1956, akakuta mke kahama na watoto, na mapazia kayang'oa. Ni Mandela mwenyewe anayesimulia, na inaonekana hayo mapazia yalimuuma kuliko yote.

Nilicheka. Nikamwambia Evelyn alikuwa mwanamke wa wivu na dini, aliyetaka mume achague kati yake na siasa, kana kwamba hiyo ni hoja. Sikumwambia kwamba ile ni simulizi ya upande mmoja. Wala sikumwambia kwamba katika madai yake ya talaka Evelyn alieleza kuwa alipigwa, na Mandela akakana. Wifi alikichukua kitabu, akakifunga, akaenda kuchemsha maji ya mama.

Nimesema mengi kuhusu vitabu kwa sababu ni rahisi kuyasema. Jambo lenyewe ni hili. Mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Wifi akiondoka, nani angemgeuza mama usiku? Nani angefua yale mashuka? Ndoa ya kaka haikuninyima usingizi hata kidogo. Nilihitaji mtu wa kumuuguza mama bila mshahara, na nilijua kwamba nikisema hivyo waziwazi atakataa, kwa hiyo nikamtafutia shujaa wa kufanana naye. Winnie wa kweli angenicheka. Lakini Winnie niliyempika mimi alikuwa hana mdomo, hana hasira, kazi yake kungoja tu.

Wifi alikaa mpaka mama alipofariki. Baada ya arobaini akafungasha, akaenda kwao Korogwe na watoto. Talaka ikaja baadaye, imeandikwa Muscat. Ukoo ulisema kaondoka kwa sababu ya tamaa, na mimi nilikuwepo pale mkekani wakisema, nikatikisa kichwa pamoja nao.

Vitabu bado nasoma. Mwaka 2023 Jonny Steinberg alitoa kingine juu ya ndoa ile ile, kinachowaonyesha wote wawili wakiumizana na kuumia, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumwona wifi. Nikampigia simu. Nilimweleza yote, hata lile la mashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, cherehani ikilia nyuma yake.

“Hilo la mashuka nililijua siku ile ile, wifi,” akasema. “Radhi nimekupa. Sasa mwambie kaka yako ada ya Januari haijafika.”

Kaka hakupokea simu. Ada nililipa mimi.