MWENZAKO AKITUHUMIWA, UTAKUWA WAPI?

Leo twende mbali kidogo, hadi Colombia, kwa marafiki wawili wa mji wa Cali: Juan Sebastián Cabal na Robert Farah.

Walijuana tangu utotoni, kwenye viwanja vya tenisi. Kila mmoja alijaribu kupanda peke yake, lakini katika mchezo wa mmoja kwa mmoja hakuna kati yao aliyewahi kuingia katika mia bora wa dunia. Walipoungana upande mmoja wa wavu, hesabu ikabadilika.

Haikuwa rahisi. Januari 2018 walifika fainali ya Australian Open, wakashindwa. Hawakuachana. Tarehe 13 Julai 2019 wakasimama kwenye fainali ya Wimbledon dhidi ya Wafaransa Nicolas Mahut na Édouard Roger-Vasselin. Seti nne za kwanza zote zilifika 6-6, zikaamuliwa kwa pointi za ziada. Walicheza karibu saa tano! Seti ya tano wakashinda 6-3, wakawa Wacolombia wa kwanza kutwaa taji la wanaume wawili wawili katika mashindano makuu. Septemba wakaongeza US Open. Wakamaliza mwaka wakiwa nambari moja duniani.

Sasa nisikilize vizuri. Katika mchezo huu, mmoja anapoanzisha mpira kutoka nyuma, mwenzake husimama karibu na wavu akiwatazama wapinzani. Hamwoni aliye nyuma yake. Anampa ishara kwa vidole nyuma ya kiuno, kisha anasubiri mpira upite kando ya kichwa chake kwa kasi ya gari la barabara kuu. Hageuki kuchungulia. Anamwamini.

Uaminifu huo ulipimwa nje ya uwanja. Januari 2020, wakiwa bado kileleni, Farah alitangaza kwamba kipimo alichofanyiwa Cali Oktoba 2019 kilionyesha boldenone, dawa iliyokatazwa. Akasimamishwa kwa muda. Akakosa Australian Open. Jina lililokuwa likisifiwa wiki iliyopita likaanza kutajwa pamoja na neno "dawa".

Februari uamuzi ukatoka. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilikubali kwamba dawa ile ilitoka kwenye nyama aliyokula, na kwamba hakuwa na kosa lolote. Akarudi uwanjani, na aliyesimama upande wake wa wavu alikuwa yule yule Cabal. Waliendelea pamoja hadi 2023.

Mpendwa, kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu katika miaka yangu ya kuchunga watu nimeona mengi. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akitunza pesa za chama cha sokoni. Hesabu zilikosa kulingana, minong'ono ikaanza. Kabla daftari halijafunguliwa, wenzake walishahamisha viti. Alipopita, mazungumzo yalikatika. Daftari lilipokaguliwa, pesa zote zilikuwepo; mtu mwingine alikuwa ameandika tarakimu vibaya. Waliomtuhumu wakasema, "Basi yameisha." Kwake hayakuisha. Alihamisha biashara yake soko lingine, na hajarudi.

Angalia jambo hili. Farah hakuhitaji mtu wa kusema ana hatia au hana. Kuna waliopewa kazi hiyo, na waliifanya. Alichohitaji ni mwenza atakayekuwepo majibu yakitoka. Si lazima umtetee mtu kwa jambo usilolijua. Lakini unaweza kukaa karibu naye ukweli unapotafutwa. Kunyamaza ukiwa kando yake si sawa na kunyamaza ukiwa umemkimbia.

Siku ya kombe kila mtu anataka kupiga picha nawe. Rafiki hujulikana wiki ile ambayo picha yako ikionekana, watu wanatikisa vichwa.

Soma Mhubiri sura ya 4 jioni ya leo, mkiwa nyumbani, kwa sauti.

Kisha nikuulize: kuna mtu ambaye jina lake limechafuka mwezi huu, nawe umekuwa ukiahirisha kumpigia ukingoja kwanza kujua ukweli? Mpigie leo. Usimuulize kilichotokea. Muulize kama amekula, na umwambie Jumapili umemwekea kiti kando yako.