Urefu na Miaka

Mtu mrefu hupewa kazi na watu kabla hajaitafuta mwenyewe. Akipita njiani huombwa aangue embe. Akiingia darasani huketishwa nyuma. Na akiwa kijana wa shule, huambiwa kwamba riziki yake imo katika mpira wa kikapu. Neno hilo nimelisikia Kibaha ninakokaa, na nimelisikia Kisarawe alikoolewa mdogo wangu. Aghalabu hufuatwa na jina moja: Hasheem Thabeet.

Jina hilo lina haki ya kutajwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma sekondari ya Makongo, wala hakuanza kuucheza mchezo huu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Alikwenda Marekani, akamalizia masomo ya sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya mwalimu Jim Calhoun. Kimo chake kilikuwa mita 2.21. Katika msimu wake wa tatu na wa mwisho pale chuoni, wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 13.6, mipira 10.8 aliyoidaka iliporudi kutoka kikapuni, na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoipangua.

Hesabu ya mwisho ndiyo iliyo yake hasa. Mpira uliokwisha kuondoka katika mkono wa mpinzani, ukawa unapanda, ulikutana angani na kiganja ambacho mtupaji hakukitarajia. Tena kazi ya mlinzi wa namna hii haimo yote katika daftari. Wapo waliogeuza njia kwa kuuona mkono wake tu, na mtupo usiotupwa hauhesabiwi na karani yeyote. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, ikashindwa na Michigan State.

Juni ya mwaka ule Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wote, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Hapo ndipo ilipotengenezwa mizani ambayo mpaka leo hupimiwa. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1, na Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ili apate kujifunza. Kisha Houston, Portland na Oklahoma City, mpaka 2014. Baada ya hapo Japani, na Taiwan.

Sisemi kwamba mambo yalimwendea vema Memphis, hayakumwendea. Lakini husikitika nisikiapo vijana wakilitaja jina lake kwa kicheko, kana kwamba alipewa sawa na Curry akapoteza. Curry ni mwana wa mchezaji wa NBA, na mpira aliukuta nyumbani. Huyu wetu alikuwa na miaka saba tu tangu kuanza kucheza hadi kuchaguliwa. Mguu hujifunza mahali pa kukanyaga polepole kuliko mwili urefukavyo, na hakuna kimo kinachoweza kulipa deni la miaka ya utotoni. Waliomchagua waliununua urefu, kisha wakamdai miaka.

Basi mwaka jana mdogo wangu aliniita Kisarawe. Mwanawe wa miaka 16 anakaribia mita mbili, na mtu mmoja alikuwa amewaahidi kumpeleka ng'ambo, ila aache shule mara moja. Nilipanda vilima vile vya Pugu nikiwa na hesabu hizi kichwani.

"Kaka, Hasheem naye si alikwenda?" aliniuliza.

"Alikwenda shule, mdogo wangu. Alikwenda kusoma, na mpira ukamfuata huko."

Kijana alikuwa ameketi kizingitini, magoti yamefika karibu na kidevu. Nilimwuliza ameanza kucheza lini. Akajibu, "Tangu Januari, mjomba." Ulikuwa mwezi wa Agosti. Nilimwomba anioneshe barua ya shule atakayokwenda; hapakuwa na barua. Nikauliza nani atalipa tiketi ya kurudi akivunjika mguu. Mdogo wangu akatazama chini, akaanza kuokota punje katika ungo ambao haukuwa na taka.

Nilisema amalize kidato cha nne, na kila jioni acheze. Viatu nitanunua mimi, ingawa kwa mguu ule hapana duka la Kibaha litakalonifaa. Na ikija barua yenye jina la shule na ya mwenye kulipa, tutaisoma pamoja, sote watatu. Mdogo wangu alikubali. Kijana hakunijibu neno. Aliinuka, akainama kupita mlangoni, na baada ya muda tukausikia mpira wake ukidunda uani.