Lebo ya mbegu haitoshi, subiri jibu

Ndugu mkulima, kila masika huku Toangoma na Bunju naulizwa: "Bwana shamba, mbegu hii ni halali?" Pakiti naitazama, lakini macho yangu hayatoshi. Karatasi inaweza kuchapishwa ikafanana kabisa na ile halisi.

Lebo ya TOSCI, taasisi inayothibiti ubora wa mbegu nchini, ina namba ya kukwangua. Hakikisha haijakwanguliwa. Ukishalipa, ikwangue hapohapo dukani, itume kwa simu kama lebo inavyoelekeza, kisha linganisha jibu na maandishi ya pakiti. Jibu likikataa, rudisha mbegu kabla hujaondoka.

Namba peke yake si uthibitisho; aliyeitoa ndiye anayejua kama ni yake. Nawe mwenye genge, ukionyeshwa meseji ya malipo kwenye simu ya mteja, usiiamini. Angalia salio lako mwenyewe; kwa M-Pesa piga *150*00#.

Tunza risiti na pakiti. Hasara ya mbegu feki huonekana baadaye, shamba likiwa na mapengo na mvua za kupandia zimeshapita.